Dashibodi Yasema 46, M-Pesa Yasema 29

Bi Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kisauni, Mombasa. Tangu mwaka jana natengeneza video fupi za jikoni, naziweka TikTok na kuzisambaza kwenye makundi ya WhatsApp: jinsi ya kutoa tui la nazi kwa blenda, jinsi ya kuivisha maharagwe kwa sufuria ya presha bila kumaliza gesi, mambo kama hayo. Pamoja na video naweka linki ya duka moja la Nairobi linalouza vyombo vya jikoni mtandaoni. Mtu akinunua kupitia linki yangu napata kamisheni ya asilimia 8. Ndivyo tulivyopatana na mwenye duka kwa WhatsApp, na mwanzoni tulikuwa tukielewana vizuri. Nikimuuliza kitu ananijibu kwa sauti papo hapo.

Mwezi uliopita dashibodi, yaani ukurasa wa duka unaonihesabia oda za linki yangu, ilinionyesha oda 46, jumla yake Sh230,000. Nikapiga hesabu yangu, Sh18,400, na nilikuwa nimeshazipangia karo. Tarehe 5 M-Pesa ikalia: Sh6,887. Nikadhani ni malipo ya kwanza na mengine yanafuata. Nikamwandikia, akanijibu kesho yake: "Oda zilizokamilika 29, thamani 145,000. Asante kwa kazi nzuri." Basi, hakuna zaidi. Zile 17 zimekwenda wapi? Nikimuuliza ananiambia "tutaangalia".

Halafu nikakumbuka kwamba tarehe 22 ya mwezi huohuo, usiku, alituma ujumbe kwenye kundi la washirika (sisi tunaomuuzia kwa linki) kwamba kamisheni "sasa" ni asilimia 5 kwa sababu gharama zimepanda. Hakusema inaanza siku gani. Isitoshe, siku hizi anatoa msimbo wa punguzo kwenye ukurasa wake mwenyewe. Watu wanatazama video yangu, wanakwenda kwake, wanatumia msimbo wake, na mimi natoka mikono mitupu. Jirani yangu nilimwona kwa macho yangu akibonyeza linki yangu, jioni akanunua blenda, na haikuhesabiwa.

Kero za wateja nazo zinanirudia mimi. Kila siku ni maswali: mbona plagi ina pini mbili, jagi ni la kioo au la plastiki, blenda inavunja barafu? Mimi si fundi wala si mwenye duka. Watu wangu ni wa kulipa mzigo ukifika, wanaweka oda hata kabla hawajapata hela, na video inayouza kuliko zote mpaka leo ni ile ya Ramadhani, niliyowaambia watafikishiwa bure hadi mlangoni. Yaani wateja nimemletea mimi, kisha ananiibia.

Nimeshatayarisha video ya kumwanika, na picha za skrini zote zimo. Nina wafuasi 19,000. Mume wangu anasema niachane naye kimyakimya, kaka yangu anasema nimshtaki. Nifanye lipi?

Mama Vyombo, Kisauni


JIBU

Marahaba, Mama Vyombo. Hiyo video ibaki kwenye simu kwanza, tupige hesabu.

Mwenye duka amekuandikia oda 29 zenye thamani ya Sh145,000. Asilimia 5 yake ni Sh7,250. Toa asilimia 5 ya hizo, zinabaki Sh6,887 na senti 50. Ndizo zilizoingia kwenye simu yako, bila zile senti. Kwa hiyo hakukupa alichojisikia kukupa. Kuna hesabu aliyoifuata, ila hakukuonyesha, na mtu asipoonyeshwa hesabu hudhani ameibiwa. Sikulaumu kwa hilo. Mali bila daftari huisha bila habari, na hapa daftari analishika mmoja tu.

Sasa turudi juu tushuke polepole. Ulitarajia Sh18,400. Oda 17 zilizoanguka zilikuwa za Sh85,000, na kamisheni yake kwa asilimia 8 ni Sh6,800. Kushuka kutoka 8 hadi 5 kwenye zile 29 kumekula Sh4,350. Sh362 na senti 50 zilizobaki nina hakika karibu kamili kwamba ni kodi. Hayo ni mambo matatu mbalimbali. Ukimpelekea kwa mkupuo mmoja, kwamba "umeniibia", atakujibu lile lililo rahisi kwake na mengine mawili yatapotelea hapohapo.

Zile 17 ndizo zinazokuuma zaidi, na ndizo ambazo nadhani huna dai nazo. Umeandika mwenyewe kwamba watu wako hulipa mzigo ukifika na wanaweka oda kabla hawajapata hela. Dashibodi huhesabu oda pale inapowekwa. Kamisheni hulipwa oda inapokamilika, yaani mzigo umefika, hela imetolewa, na muda wa kurudisha umepita. Katikati hapo mtu wa boda anapiga simu haipokewi, au anafika mlangoni anaambiwa "rudi mwisho wa mwezi". Yeyote anayeuza mtandaoni hapa kwetu kwa malipo ya mlangoni anayajua haya.

Kisha tazama mambo mawili uliyoyataja kwa kupita tu. Kwanza ni ile video ya Ramadhani. Je, kufikishiwa bure bado kupo? Ofa za Ramadhani kwa kawaida huisha na Ramadhani. Ikiwa imeisha, basi kila siku kuna mtu Bamburi au Likoni anayeagiza blenda akiamini hatalipia usafiri, kisha mtu wa boda anamdai nauli mlangoni. Huyo atakataa mzigo, na atakataa kwa hasira. Pili ni plagi. Mteja anafungua boksi, anaona pini mbili, na soketi zake zote za ukutani ni za pini tatu. Hapohapo anairudisha. Unaulizwa swali hilo kila siku kwa sababu ukurasa wa duka haulijibu. Siwezi kuapa kwamba ndiyo yaliyoziangusha zote 17, lakini ningeanzia hapo kabla ya kuanzia kwenye wizi.

Jiweke upande wake kidogo. Oda uliyoileta ikikataliwa Mombasa, wewe hupati kitu, lakini hakikutoki kitu pia. Yeye ameshalipia kifurushi kutoka Nairobi, analipia kirudi Nairobi, na boksi likirudi limefunguliwa haliuziki tena kama jipya. Ikiwa kati ya oda 46 zinarudi 17, faida aliyoipata kwenye zile 29 imeliwa kwa kiasi kikubwa. Alipoandika kwamba gharama zimepanda, inawezekana sehemu ya gharama hizo zilitoka kwako, na hakuwa na namna ya kukuambia bila kuonekana anakulaumu. Au hajui mwenyewe. Wenye maduka wengi wanaona mizigo imerudi tu, hawaangalii imetoka kwa linki ya nani.

Kwenye kamisheni, lakini, mwenye duka amekosea, na hapo usimlegezee. Kiwango cha kamisheni ni haki yake kukibadilisha. Hata Amazon, ambao programu yao ya washirika, yaani mpango wa kulipa kamisheni kama huu wenu, ipo tangu 1996, Aprili 2020 walishusha viwango kwa kishindo: fanicha na vifaa vya nyumba vikatoka asilimia 8 hadi 3, vyakula kutoka 5 hadi 1. Washirika walilia sana. Lakini waliambiwa tarehe 14 kwamba mabadiliko yanaanza tarehe 21. Muda ulikuwa mfupi, lakini tarehe ilijulikana, na mauzo ya kabla yake hayakuguswa. Huyu wako ametuma neno "sasa" tarehe 22 usiku, kisha akalipa mwezi mzima kwa asilimia 5. Oda zilizowekwa kabla ya ujumbe ule zilikuja kwa mapatano ya asilimia 8, na zilipwe asilimia 8. Hilo ndilo deni lako. Halifiki Sh11,000 unazozifikiria. Kwa oda zote 29 lisingezidi Sh4,350, na itategemea ngapi ziliwekwa kabla ya tarehe 22.

Kodi nitaipita haraka. Tangu Julai 2023, kwa Sheria ya Fedha ya mwaka huo, malipo ya watengeneza maudhui mtandaoni hapa Kenya hukatwa kodi ya zuio (anayoikata mlipaji kabla hujapokea) ya asilimia 5 kwa mkazi, na kamisheni za linki zimetajwa humo. Kwa hiyo kukata si kosa. Swali ni je, aliwahi kukuomba PIN yako ya KRA, yaani namba yako ya mlipakodi? Fedha akiziwasilisha, wewe unapaswa kuona cheti cha zuio kwenye akaunti yako ya iTax, mtandao wa kodi wa KRA, na kiasi hicho unahesabiwa unapowasilisha ritani ya mwaka. Kama hana PIN yako, muulize kwa upole amezipeleka kwa jina la nani.

Habari ya jirani yako inaeleweka bila kumtafuta mwizi. Linki ikibonyezwa, inaacha kidakuzi, alama ndogo inayoonyesha mteja ametoka kwako, kwenye kivinjari (programu ya kufungulia kurasa za mtandao) kile kile kilichoifungua. TikTok hufungua linki ndani ya programu yake yenyewe. Jirani alitazama mchana ndani ya TikTok, jioni akafungua Chrome, akaandika jina la duka na kununua. Kidakuzi chako kilibaki TikTok, duka likamwona ni mteja aliyekuja peke yake. Na hata angetumia kivinjari kimoja, mifumo mingi humpa kamisheni aliyebonyezwa mwisho, na kidakuzi kina umri wake. Cha Amazon kwa kawaida ni saa 24. Cha duka hili unakijua? Wengi hawaulizi mpaka wagombane.

Dawa ya hili, na ya ule msimbo wake wa punguzo, ni moja: omba msimbo wako mwenyewe, wenye punguzo lilelile analolitoa yeye. Msimbo unakaa kichwani mwa mteja, hata akihama simu unakwenda naye. Mwombe pia auunganishe na akaunti yako, ili ukitumika uhesabiwe hata kama linki haikubonyezwa. Hana sababu ya kukataa, kwani punguzo ni lilelile na anapata kujua mauzo yametoka wapi.

Utajiuliza kwa nini basi hajibu, kwa nini ni "tutaangalia" kila siku. Huenda ni uvivu. Huenda pia anaogopa. Programu hizi zina historia mbaya upande wa washirika: mwaka 2014 huko Marekani, mshirika aliyekuwa anaongoza kwa mauzo kwenye programu ya eBay alifungwa miezi 5, kwa sababu alikuwa akipandikiza vidakuzi kwenye kompyuta za watu ambao hawakubonyeza linki yake, akavuna mamilioni ya dola kwa mauzo yasiyo yake. Nawajua wenye maduka hapa hapa ambao washirika wao walijinunulia wenyewe kwa linki zao au waliwaambia binamu waweke oda za bandia ili dashibodi ipendeze. Mwenye duka aliyechomwa hivyo akiona oda 46 na zimerudi 17, hawazii plagi. Anakuwazia wewe. Nyote wawili mnashukiana juu ya oda zile zile, na hakuna aliyemwonyesha mwenzake orodha.

Basi mtumie ujumbe. Usimtumie wa sauti, maana wa sauti hautafutiki baadaye, na usimtumie kwenye kundi. Ningeuandika hivi:

"Habari za kazi, kaka. Nimepokea Sh6,887, asante. Naomba orodha ya oda 46 za mwezi uliopita: namba ya oda, tarehe iliyowekwa, na kama ilifika, ilikataliwa au ilirudishwa, na sababu. Majina na simu za wateja sihitaji. Ningependa kujua kwa nini 17 hazikukamilika ili nipunguze hasara upande wako. Pia naona oda zilizowekwa kabla ya tarehe 22 zimelipwa kwa asilimia 5, na tulipatana 8. Naomba tofauti hiyo iingie kwenye malipo ya tarehe 5 ijayo. Na kuna jambo la plagi nimelikusanya kwa wateja, nitakutumia leo."

Majina usiyaombe kweli. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mwenye duka mwenye akili atakataa kukupa, kisha atapata kisingizio cha kutokupa orodha yote.

Hilo la plagi mtumie siku hiyohiyo, usilifanye silaha. Kaa na simu yako, pitia maoni ya wiki mbili, andika swali gani limeulizwa mara ngapi na kwa bidhaa ipi. Mtumie na maneno ya wateja wenyewe. Unaona maswali haya kama kero, unaandika kwamba wewe si fundi. Mimi nayaona kama kitu pekee ulicho nacho ambacho yeye hawezi kukinunua. Yeye yuko stoo Nairobi, anaona maboksi. Hajui kwamba mwanamke wa Pwani anayetaka blenda anataka kujua kama itatoa tui bila kuungua mota, na kwamba jagi la plastiki linashika harufu ya kitunguu. Washirika wa kubandika linki anao wengi. Akimpata anayemwambia "ongeza adapta ya pini tatu ndani ya boksi, oda hazitarudi", huyo atamjibu kwa sauti papo hapo, kama zamani.

Ukishapata orodha, ndipo uzungumzie kiwango. Usiombe tu irudi 8, atakuambia gharama. Mpe pendekezo: oda iliyolipiwa kabla ya kusafirishwa, asilimia 8, oda ya kulipa mlangoni, asilimia 5. Kwake oda iliyolipiwa ni salama, hairudi ovyo. Kwako ni sababu ya kuwafundisha watu wako kulipa mapema kwa namba ya duka, na wanakuamini wewe kuliko wanavyoliamini duka. Na muandikiane, hata kama ni ukurasa mmoja tu: kiwango, kidakuzi kinadumu siku ngapi, oda inahesabika imekamilika lini, malipo tarehe ngapi, na mabadiliko yatangazwe siku ngapi kabla. Mimi ningedai 14, nikikubali 7. Wenye programu mnaosoma hapa, nanyi mnanufaika. Mshirika anayejua tarehe hakusumbui kila asubuhi.

Sasa video yako ya kumwanika. Ningekushauri usiiweke, na si kwa huruma yangu kwake. Wafuasi wako walinunua kwa neno lako. Ukiwaambia duka hili ni la wezi, wataanza kukuuliza kwa nini uliwapeleka huko, na je, wakati ule ulikuwa unalipwa? (Kama hukuwahi kuwaambia wazi kwamba linki inakulipa, anza kuwaambia, hiyo ni kando na ugomvi huu.) Na wenye maduka wengine, wale utakaowaendea kesho, nao wako TikTok. Wataona mshirika anayepeleka picha za skrini hadharani kabla hajaomba orodha. Kesi pia naiona nzito kwa deni hili. Mahakama ya Madai Madogo inapokea madai yasiyozidi Sh1,000,000 na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60, na ni njia nzuri kwa deni la maana. Kwa Sh4,350 kasoro, utatumia zaidi kwa nauli na siku za kazi. Weka ushahidi wako, usiufute, lakini usianzie huko.

Leo jioni, kabla hata ya ujumbe, shughulika na ile video ya Ramadhani. Andika juu yake kwamba ofa ya usafiri wa bure imekwisha, au muulize duka gharama ya kufikisha Mombasa ni kiasi gani ukaiweka kwenye maelezo. Oda zitapungua kidogo. Zitakazobaki zitafika.

Mpe siku saba. Akileta orodha na kulipa tofauti, mnaendelea, tena mkiwa na mapatano bora kuliko ya mwanzo. Akirudi na "tutaangalia" ya tatu, mume wako ana haki, ila usiondoke kwa mkupuo. Tafuta duka la pili kwa bidhaa moja kwanza. Mbuzi ya umeme ya kukunia nazi ingekufaa, kwa video zako. Linki za zamani ziache zifanye kazi mpaka oda zilizo njiani zifike na muda wa kurudisha upite, maana ukizing'oa leo, utamrahisishia kusema hakuna aliyekuja kupitia kwako. Na siku ya malipo ya mwisho, piga picha dashibodi nzima kabla hajaifunga akaunti.